Jina Linapita Mezani

Karakana ile ya kushona sare za shule ilikuwa na meza tano, na jina lolote geni lililojitokeza kitabuni lilipaswa kuzipita zote tano kabla ya kukubaliwa kuwa jina. Usiulize nani aliuanzisha utaratibu huo. Kila mmoja atakuambia ni yeye, na Fundi Mkasi ataapa.

Mambo yalikwenda hivi. Kurasa, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti wenzake wakishona, alikaa juu ya stuli ndefu karibu na dirisha, kitabu mapajani. Akikutana na jina la ajabu anapunguza mwendo, anainua uso, anakohoa, kisha analisema kadiri Mungu alivyomjalia. Fundi Mkasi, mkataji wa vitambaa, analidaka na kulirusha meza ya kola. Meza ya kola inalirusha meza ya mikono, mikono wanawapa watu wa vifungo, na vifungo wanalifikisha mwisho wa chumba kwa Bi Pasi, mama mtu mzima aliyewapigia pasi sare watoto ambao sasa wana watoto wao. Huko mwisho mvuke unapiga mluzi, masikio ya Bi Pasi yamechoka, na cherehani thelathini na sita zimesimama kati yake na msomaji. Lile atakalolitamka Bi Pasi, hilo ndilo jina. Kurasa analiandika kwa penseli juu ya lile lililochapwa, na hadithi inaendelea.

Ukicheka, cheka, lakini uwe umekaa pale kwanza. Jina ambalo Bi Pasi hakulisikia lilikuwa la mtu ambaye Bi Pasi hamjui, na mtu asiyejulikana na Bi Pasi akifa vitani hana wa kumlilia upande ule wa chumba. Majina ya vitabu vile hayakuandikwa kwa ajili ya watu walio kazini. Malkia mwenyewe, yule ambaye hadithi nzima ni yake, aliandikwa Vhraelqwyn, utadhani mpiga chapa aliegemea mashine kwa kiwiko. Mfasiri alikuwa ametafsiri kila kitu, hata matusi ya askari, ila majina akayaacha yalivyo akaenda zake. Siku jina hilo lilipopitishwa mezani lilitoka kwa Kurasa likichechemea, likafika kwa Bi Pasi likiwa Varakwini, na Varakwini likabaki kwa miaka sita. Mji wake ulionyang'anywa ukawa Gulidirini. Msaliti aliyeuuza mji huo, Tskhorv, akawa Sikorovi, na fundi yeyote aliyeiba sindano ya mwenzake aliitwa Sikorovi mpaka airudishe.

Kurasa hakuanza kazi akiwa msomaji. Alikuwa fundi wa kola, tena wa kutajwa, mpaka sindano ilipompitia vidole viwili vya mkono wa kulia. Vilipona, lakini vilikakamaa kama vijiti vya kuchokonolea meno. Mzee mwenye karakana alimwita ofisini, akamsemesha kwa upole, na kila mtu alijua upole ule unaelekea wapi. Meza zikakataa. Zikasema kola zake arobaini za kila siku watazishona wao, kila mtu moja, na yeye akae awasomee, maana wamechoka kusikiliza cherehani tu kutwa nzima. Mzee alikubali kwa kunung'unika. Baadaye manung'uniko yaliisha, kwa sababu msimu wa kufungua shule ulipofika, ule wa kushona mpaka macho yanawasha, hakuna aliyeomba ruhusa ya kuumwa kichwa. Nani aende nyumbani Gulidirini ikiwa imezingirwa?

Vitabu vya hadithi hiyo vilikuwa vinne. Walimaliza cha tatu, Varakwini akiwa ameachwa jangwani bila farasi wala maji, na cha nne hakikupatikana hata kwa dawa. Wakarudia cha kwanza, wakarudia cha pili, wakarudia cha tatu. Ndipo Mzee alipoanguka bafuni, upande mmoja wa mwili ukalala, na binti yake akaja kushika usukani.

Walimwita Bosi Mdogo, ingawa alikuwa mrefu kuliko baba yake. Siku ya kwanza aliingia karakana kimya kimya, daftari mkononi, wakati Kurasa alipokuwa akisoma kwa mara ya tatu jinsi malango ya mji yalivyovunjwa. Alisimama mlangoni akasikiliza. Uso wake ulifurahi kwanza, kisha ukajikunja kama wa mtu anayeguswa jino bovu.

"Samahani, mama," akasema. "Huyo unayemtaja ni nani?"

"Varakwini," akajibu Kurasa.

"Malkia?"

"Malkia. Unamjua?"

"Namjua," akasema Bosi Mdogo. "Nimemsoma tangu nina miaka kumi na miwili. Anaitwa Vrelkin." Alilitamka kwa ulaini, haraka, mwisho ukimezwa. "Na mji ni Guldrin. Mwandishi mwenyewe ameeleza. Ipo orodha."

Cherehani zilikuwa zimenyamaza. Kutoka mwisho wa chumba Bi Pasi akauliza mgeni amesema nini, na meza ya vifungo ikamwambia kwamba bosi anamjua Varakwini. Bi Pasi akafurahi sana. Akasema basi bosi awaambie Varakwini alitokaje kwenye lile jangwa.

Tuseme ukweli, Bosi Mdogo hakuwa mtu mbaya. Kesho yake alileta kitabu cha nne. Kilikuwa chake mwenyewe, cha zamani, jalada limebandikwa gundi ya karatasi, na alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Ndani yake alikuwa ametia orodha: karatasi tatu, majina mia mbili na sita, na mbele ya kila jina namna linavyopaswa kutamkwa.

"Nawapa kwa moyo mmoja," alimwambia Kurasa. "Ila kisomwe sawasawa. Hivi mnavyoyasema yale majina, mimi inanikata maini. Kuanzia Jumatatu, tafadhali."

Kurasa alibeba orodha nyumbani. Mumewe, mwashi aliyerudi kila siku na saruji kwenye kope, alimkuta amesimama mbele ya kioo cha kabati akitafuna hewa.

"Unaumwa meno?"

"Nasoma majina."

"Majina ya nani hayo? Ya ugonjwa?"

Alimweleza. Mwashi akavua viatu, akakaa, akaomba asikie moja. Akasikia Vrelkin. Akafikiri.

"Na yule Varakwini wenu amekwenda wapi?"

"Ndiye huyuhuyu."

"Wee. Miaka sita nasikia habari za Varakwini kwenye meza hii, nimemjua kuliko nimjuavyo shemeji yangu. Huyo mwingine simjui." Kisha akaenda kunawa.

Kurasa aliendelea mbele ya kioo. Nasema alijaribu, na ninataka ijulikane hivyo, kwa sababu baadaye walikuwepo waliosema alikuwa mkaidi tangu mwanzo. Ukaidi ulikuja, tena ulikuja mzimamzima, lakini kwanza alijaribu. Aliona haya. Alijiambia miaka sita yote nimekuwa nikiwapotosha watu wazima wenye akili zao, na yupo mtu aliyesoma anayejua, na mimi ni nani.

Jumatatu alipanda stuli, akafungua kitabu cha nne, na chumba kizima kikatulia kama hakijawahi kutulia. Walikuwa wamekingoja karibu mwaka mzima. Akasoma, "Vrelkin aliinuka mchangani."

"Nani?" akauliza Bi Pasi.

"Vrelkin," ikasema meza ya vifungo, bila uhakika.

"Huyo ni nani tena? Mgeni?"

"Ndiye Varakwini, Bi," akasema Kurasa. "Hilo ndilo jina lake sahihi."

Bi Pasi aliweka pasi chini. "Amefanya kosa gani hata akanyang'anywa jina? Mji wamemchukulia. Farasi wamemchukulia. Sasa na jina?"

Hakuna aliyecheka. Kurasa aliendelea, macho kwenye orodha, macho kwenye kitabu, na kila jina lililotoka kinywani mwake lilikuwa fupi, laini, limebanwa puani, na kila moja lilizama katika mngurumo kabla ya kufika meza ya mikono. Watu wakaanza kuulizana nani amempiga nani. Meza ya mikono, kwa kutega sikio, ilishonea mashati kumi na moja mikono miwili ya kushoto. Dada Vifungo, kiongozi wa meza ya vifungo na mwenye ulimi usio na breki, alisema haelewi kama aliyekufa sasa hivi alikuwa adui au punda. Ilipofika saa sita Kurasa alikunja orodha mara nne, akaiweka chini ya mguu mmoja wa stuli uliokuwa mfupi, na kuanza upya ukurasa wa kwanza.

"Varakwini aliinuka mchangani," akasoma, na chumba kikashusha pumzi.

Saa nane aliitwa ofisini. Ofisi ilikuwa na dirisha la kioo la kuangalia karakana, na meza zote zilijifanya zinafanya kazi.

"Nilikuomba jambo moja," akasema Bosi Mdogo.

"Uliniomba, ndiyo. Nimejaribu. Halifiki."

"Halifiki wapi?"

"Kwa Bi Pasi."

"Mama, tusiongelee masikio ya Bi Pasi. Tunaongelea kitabu. Mtu amekaa miaka akatunga nchi, lugha, majina, kila kitu kimepimwa. Halafu nyinyi mnachukua na kukifanya—" Alitafuta neno. "Kosa ni kosa, hata likisemwa na watu arobaini kwa pamoja."

Damu ilimchemka Kurasa. Alikuwa na umri wa kumzaa binti huyu, na alikuwa amesimamishwa kama mwanafunzi wakati binti ameketi, na bado alijisikia yeye ndiye mrefu mle ndani.

"Wewe ulimsoma peke yako, kitandani, kimya," akasema. "Hapo jina linaweza kuwa laini litakavyo, halina pa kwenda. Sisi tumemsoma watu arobaini, cherehani zinanguruma, mtu ana pini sita mdomoni. Huyo aliyetunga nchi hajakaa kwenye karakana yetu hata dakika moja. Angekaa, naye jina lake lingepita mezani."

"Kwa hiyo mwandishi amekosea."

"Sijasema amekosea. Nimesema kwake ni hivyo, na kwetu ni hivi."

Bosi Mdogo akasema kwamba kitabu hicho kimesomwa na kurekodiwa, kwa idhini ya mwandishi, majina yote sahihi, na kwamba kesho ataleta spika. Kama sauti ndiyo shida, spika haitashindwa. Na kwa vile spika itasoma, Kurasa arudi kwenye cherehani. Kola arobaini kwa siku, sawa na kila mtu, na asishoniwe na mtu mwingine. Akifika Ijumaa hajaziweza, basi wataangalia utaratibu.

"Utaratibu gani?"

"Ule ambao baba alipaswa kuufuata tangu mwanzo," akasema, na hakumtazama usoni alipolisema.

Kurasa alielewa. Vidole viwili vya kijiti, kola arobaini. Hata mtoto angeweza kupiga hesabu hiyo. Alirudi karakana, akatoa kitambaa kilichofunika cherehani yake ya zamani, akapuliza vumbi, akakaa. Kitabu cha nne kilibaki kwenye mkoba wake. Hakuna aliyemdai, naye hakukitoa.

Jumanne spika ilifika, nyeusi, kubwa kama sanduku la nguo, ikawekwa juu ya stuli ya Kurasa mwenyewe. Majora ya vitambaa yakarundikwa chini yake. Mtu aliyesoma ndani yake alikuwa na sauti nzuri mno, sauti isiyojua jasho. Hakungoja mtu. Uzi ukikatika, yeye anaendelea. Bosi akiita, yeye anaendelea. Mwanamke wa meza ya kola alipotoka kwenda kumnyonyesha mwanawe alirudi akakuta vita viwili vimepita, na hakuna aliyeweza kumsimulia kwa sababu hakuna aliyejua nani alipigana. Walisikia Vrelkin. Walisikia Skorf. Walikaa kwenye hadithi yao wenyewe kama wageni waliokosea nyumba.

Siku hiyo Kurasa alishona kola tisa, mbili kati yake zimepinda.

Jumatano saa nne, sauti ikasema, "Vrelkin akachomoa upanga," na Fundi Mkasi akainua mkasi wake mkubwa juu ya kichwa, akageukia meza ya kola, akaita kwa kifua chote, "Varakwini."

"Varakwini," ikaita meza ya kola.

"Varakwini," wakaita mikono.

"Varakwini," wakaita vifungo.

"Naam," akasema Bi Pasi, akapiga pasi chini kwa kishindo. "Nilijua yupo."

Kuanzia hapo hakuna jina lililotoka kwenye ile spika bila kukanyagwa. Kila sauti ile nzuri ilipotaja mtu, karakana ilimtaja kwa jina lake halisi, meza kwa meza, na kufikia lilipomaliza safari, sauti ilikuwa imeshavuka kurasa mbili peke yake. Hawakuwa wanafuata hadithi tena. Walikuwa wamegoma, na mikono haikusimama hata kidogo, ndiyo maana Bosi Mdogo alikosa la kuandika kwenye daftari. Alhamisi aliongeza sauti mpaka spika ikaanza kukoroma. Wao nao wakaongeza. Watu wa duka la jirani walikuja kuuliza Varakwini ni nani na amegombea nini.

Kurasa hakuita. Alikuwa ameinamia kola, vidole vimevimba, anashona kwa mkono wa kushoto na kusukuma kwa kiganja. Kumi na moja. Dada Vifungo alipita nyuma yake akamnong'oneza ampe nusu akazimalizie chooni, na Kurasa akakataa. Alisema akitoka atatoka na kola zake mwenyewe. Moyoni aliogopa. Mwashi mwaka huo alikuwa na kazi ya siku mbili mbili, na mtu mwenye mkono kama wake nani atamwajiri kusoma majina ya uongo kwa sauti? Aliogopa, na juu ya woga huo alikuwa amekasirika, na hasira ndiyo iliyomshikilia mgongo.

Ijumaa wakati wa chai alitoa kitabu cha nne kwenye mkoba, ili walau ajue jangwa liliishaje kabla hajafukuzwa. Hakuwa amefungua mbele ya zile kurasa chache za Jumatatu. Ukurasa wa tisa akaona kitu. Juu ya jina la malkia palikuwa na maandishi ya penseli, herufi kubwa za mtoto anayekandamiza: MAMA RAKWENI. Na mstari wa wino mwekundu ulikuwa umepigwa juu yake, umenyooka kwa rula, na pembeni kwa mwandiko wa mtu mzima zaidi: Vrelkin.

Akafungua mbele. Kuanzia hapo kila jina lilikuwa hivyo. Mtoto alikuwa amejitafutia majina yote, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa kitabu, na baadaye mtu yuleyule akarudi na rula akayakata yote. Kurasa aliyapitisha kidole. Mama Rakweni. Alikaa na hilo mpaka kengele ya kumaliza chai ikalia, na hasira yake ikabadilika, ingawa haikupungua.

Saa tisa Bosi Mdogo aliingia, daftari mkononi, akasimama mbele ya cherehani yake. Spika ilikuwa inakoroma kwenye stuli.

"Ngapi leo, mama?"

"Kumi na nne."

"Unajua tulichokubaliana."

"Hatukukubaliana," akasema Kurasa. "Wewe ulisema, mimi nikasikia."

Akasimama. Alichukua kitabu, akapita katikati ya meza mpaka dirishani. Fundi Mkasi hakungoja kuambiwa. Alichomoa waya wa spika ukutani, akaikumbatia, akaiweka chini kama mtu anayeshusha mgonjwa. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa hata mvuke wa Bi Pasi ukasikika kila mahali. Bosi Mdogo alikuja nyuma yake kwa hatua ndefu.

"Sijakuruhusu ukae hapo."

"Najua," akasema Kurasa, akakaa. Kisha akamwinamia, akasema kwa sauti ya watu wawili tu, "Ukurasa wa tisa una mwandiko wa penseli. Sitausoma kwa watu. Nimekuambia tu kwamba nimeuona."

Rangi ilimtoka binti. Alitazama kitabu, akatazama dirisha.

"Nilikuwa mdogo," akasema.

"Nani alikufanya uyakate?"

"Bwenini. Niliwasimulia wenzangu hadithi. Alikuwepo mmoja aliyejua yanavyotamkwa." Akashusha sauti. "Walinicheka muhula mzima. Waliniita hivyo. Mama Rakweni."

"Basi walikuibia," akasema Kurasa, na hasira ilikuwa kwenye sauti yake bado, ila haikuwa ya binti tena. "Na wewe umekuja kutuibia sisi kwa rula ileile. Haitawezekana. Nifukuze, lakini nifukuze nikiwa nasoma."

Akafungua kitabu na kuanza. Hakutazama nyuma. Alisoma kwa ile sauti yake ya zamani, pana, yenye vituo virefu vya kungoja uzi uliokatika, na cherehani zikaingia moja moja chini ya maneno, mpaka chumba kikawa chumba tena. Varakwini alivuka jangwa. Sikorovi alituma majasusi. Bosi Mdogo hakuondoka. Alirudi nyuma taratibu, akitembea kando ya ukuta, mpaka akasimama mwisho kabisa, kati ya meza ya vifungo na Bi Pasi, mahali ambapo mtu hawezi kusimama bila kuzuia njia.

Nusu saa ilipita. Kisha kwenye kisima kilichokauka malkia akamkuta msichana mwenye fimbo ya chuma, mtu mpya kabisa ambaye hakuwemo katika vitabu vitatu vilivyotangulia. Jina lake liliandikwa Ymbrszael. Kurasa alipunguza mwendo, akainua uso, akakohoa.

"Imbirisazaeli," akajaribu.

Fundi Mkasi akalidaka. "Imbirisaeli."

"Imbirisaeli," ikasema meza ya kola, na mikono wakalipokea na kulipeleka kwa vifungo. Dada Vifungo akageuka ili alifikishe kwa Bi Pasi, akakuta Bosi Mdogo amesimama katikati. Dada Vifungo hana dogo. Hakunyoosha shingo kumpita. Alimtazama machoni, akampa yeye.

"Imbirisaeli," akamwambia, akafunga mdomo.

Cherehani zikasimama zote, moja baada ya nyingine, bila mtu kuamrisha. Bosi Mdogo alilijua jina hilo. Alilijua sahihi, kama mwandishi alivyotaka, lilikuwa kwenye orodha, namba mia moja na tisini na tatu. Kurasa aliliona likija mpaka kwenye midomo yake, fupi na laini. Angeweza kulisema. Bi Pasi alikuwa hatua mbili kutoka kwake, angelisikia vizuri, na lingekuwa ndilo, maana utaratibu ni utaratibu. Kurasa alishika kitabu kwa ile mikono yake, vidole viwili vikiwa vimesimama kando, na akangoja.

"Imbirisaeli," akasema Bosi Mdogo.

"Sisikii, mwanangu," akasema Bi Pasi.

Binti akajaza kifua hewa. Huenda hakuwa amepaza sauti hivyo tangu bwenini.

"Imbirisaeli," akaita, na vioo vya ofisi ya baba yake vikatikisika.

Bi Pasi aliinamisha kichwa, akalionja, akakitupa kipande kisichofaa.

"Imbirisa," akasema. "Ni jina zuri. Tuendelee, shati linaungua."

Kurasa alilamba ncha ya penseli. Juu ya jina lile lililochapwa palikuwa na neno la mtoto, limekatwa kwa wino mwekundu, kwa hiyo akaandika pembeni yake, kwenye nafasi iliyobaki, akaendelea kusoma. Kwenye cherehani yake, kando ya zile kola kumi na nne, palikuwa na nyingine ishirini na sita zilizokunjwa vizuri. Bosi Mdogo alipopita akazihesabu kwa macho, akaandika arobaini kwenye daftari, na hakuuliza nani amezishona.